Mafiga Chini ya Magurudumu

Shomari alikuwa amelala chali chini ya gari, geji ya presha ameifunga kwenye giaboksi, mkewe Nuriati amemketisha kwenye usukani. Uani kwao kulikuwa na mteremko, na fundi mwenye akili angezuia magurudumu kwa magogo. Shomari yeye alikuwa ameingia jikoni akang'oa mafiga ya mkewe, mawe matatu aliyopikia tangu aolewe, akayabana mbele ya magurudumu.

"Sasa nitapikia wapi, baba Siwema?" Nuriati alikuwa ameuliza.

"Pumzika. Kuanzia Ijumaa kuna mpishi mwingine."

Ijumaa gari hilo lingemleta mke wa pili kutoka ng'ambo ya kilima. Giaboksi lilikuwa likiteleza kila penye mlima, na Shomari hakutaka aibu mbele ya wakwe wapya.

"Mguu wa kushoto breki, wa kulia mafuta!" alipaza sauti kutoka chini. "Weka gia kwenye D, ya kwenda mbele. Breki usiiachie hata kidogo, hayo mawe yako peke yake hayatoshi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Injini ikanguruma, sindano ya geji ikapanda, na Shomari akacheka kwa furaha.

"Nguvu hii! Linapanda kilima na bibi harusi na mashoga zake wote! Hebu ongeza mafuta!"

Nuriati alichungulia dirishani. Figa lake, jeusi kwa masizi, lilikuwa limebanwa mbele ya gurudumu.

Akaongeza mafuta kama alivyoambiwa. Kisha, bila haraka, akaanza kuvua kandambili ya mguu wa kushoto.