Macho ya Waya

"Kriing! Kriing! Pisheni!"

Kengele yenyewe haikuwapo. Mjomba alikuwa anailiza kwa mdomo, huku baiskeli yake ikikatiza uwanjani katikati ya watu na mbwa.

"Wahuni waliing'oa kengele yangu jana," alisema aliposhuka. "Kesho watang'oa masharubu nikiwa nimesimama."

Wawindaji wakacheka. Siku ya majaribio kila mtu huwa tayari kucheka, isipokuwa leo mpwa wake, msichana waliyemwita Kimya. Alikuwa amejibanza pembeni, mkono shingoni mwa Waya, mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu na mbavu za kuhesabika. Chini ya kiganja chake, moyo wa mbwa ulidunda polepole kana kwamba hakuna jambo. Wa kwake ulikuwa unakwenda mbio kwa niaba ya wote wawili.

Waya alikuwa kipofu, na Kimya aliamini kwamba anayejua ni yeye peke yake. Yeye ndiye aliyefagia banda la mbwa nyuma ya bucha ya mjomba, yeye ndiye aliyegawa mifupa, na ndiye aliyemwona Waya akigonga ndoo ambayo zamani angeiruka.

Mjomba ndiye kiongozi wa wawindaji, na sheria ilikuwa yake: kila mbwa anayekula bandani lazima awinde. Kabla ya msimu, ngozi ya sungura iliyojazwa matambara hukokotwa kwa kamba nyuma ya baiskeli. Mbwa akiikamata, anabaki. Akiikosa, anapelekwa kwenye ghala la mbao akafungwe mnyororo, alinde magogo. Mwaka uliopita mbwa wa kinyozi aliikosa. Kinyozi alibembeleza weee, mjomba akakaza uzi.

"Mbwa wa jamii hii ni macho," mjomba alipenda kusema. "Pua amepewa ya kupambia uso tu."

Pua hiyo hiyo ndiyo aliyoitegemea Kimya. Asubuhi, mjomba alipokuwa anaoga, aliitoa ngozi stoo akaipaka mafuta ya nyama kila pembe. Aliikuta imeshonwa upya kwa uzi mnene wa kufungia nyama, mishono mikubwa kama ya gunia, nayo ilikuwa nzito kuliko mwaka jana. Hakuwa na muda wa kuishangaa. Aliirudisha mahali pake, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena.

Sasa kinyozi alikuwa anamjia, tabasamu mbele.

"Kimya, mwanangu, mbona macho ya huyu yana ukungu?"

"Vumbi," Kimya alisema.

"Labda vumbi la uzee." Kinyozi akavua kofia, akaipeperusha mbele ya uso wa Waya. Waya akageuza kichwa kumwelekea, akapiga chafya. Mikono ya kinyozi ilinuka spiriti siku zote.

"Umeona? Ameifuata kofia," Kimya alisema, na kushtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

"Ameifuata, sibishi. Lakini sungura havai kofia."

"Kinyozi!" mjomba akanguruma. "Mwache apimwe kama wako alivyopimwa. Hapa hakuna mpwa wala mjomba. Akikosa, jioni hii hii analala ghalani. Kimya, nikifika kwenye lile jiwe, mwachie."

Akafunga kamba, akapanda. Baiskeli ile haikuwa na kiungo kisicholia: mnyororo, madigadi, kiti, kapu la nyama. Na mwenye baiskeli alilia kuishinda.

"Pisheni! Pisheniii!"

Ngozi ikadundadunda juu ya nyasi. Kimya akainama, akanong'ona neno sikioni mwa Waya, akamwachia.

Waya hakwenda popote. Alisimama tu, mguu mmoja juu. Kinyozi akaanza kucheka kwa mabega.

Mara masikio ya mbwa yakasimama. Mgongo ukajikunja kama upinde, ukajikunjua, na miguu yote minne ikaiacha ardhi.

Mjomba alipinda kushoto, Waya akapinda kushoto. Mjomba alipinda kulia ghafla, nusura aanguke, Waya akamkatia kona kwa ndani. Karibu na goli la watoto akaruka, akaidaka ngozi, akaitikisa kwa hasira, mpaka mjomba akavutwa nyuma pamoja na baiskeli yake na kuketi kwenye nyasi, miguu juu.

Uwanja mzima ukapiga mayowe. Kinyozi alivaa kofia, akaivua tena.

"Yale si macho, ni darubini," alisema. "Nimenyoosha mikono."

"Anabaki," mjomba alisema akijipangusa majani, uso mkavu. "Ila porini haendi, amezeeka. Atakaa bandani awatie adabu wadogo. Kimya, niletee hiyo ngozi."

Waya akakaza meno, akaunguruma.

"Mwachie bwana," kinyozi alisema. "Ameipata kwa jasho lake."

Mjomba akaitazama ngozi, akaitazama mishono yake. Kisha akapanda baiskeli yake akaondoka.

Bandani, Kimya aliketi juu ya ndoo. Waya akamwegemea mapajani kwa uzito wake wote, kama mbwa wa jamii yake wanavyoonyesha mapenzi. Kimya alitaka kuichoma ile ngozi kabla hajatokea wa kuinusa. Akambembeleza, akamkuna taya, akaivuta taratibu. Mshono mmoja wa gunia ukaachia.

Kitu cha chuma kikadondoka sakafuni, kikabiringika kikilia kriing, kriing, na Waya akakirukia kabla hakijatulia. Ilikuwa kengele ya baiskeli.

Nje, barabarani, mjomba alikuwa anarudi bucha, sauti imeshaanza kumkauka:

"Kriing! Kriing! Pisheni, jamani, pisheni!"