Bisibisi Mbili za Fundi Chumu

Haki ya Mungu, haya niliyaona kwa macho yangu, na anayebisha ahame baraza hili.

Fundi Chumu, mtengeneza bunduki, alishika bisibisi mbili za kupima nguvu ya kukaza. Moja ilikuwa kuukuu, ya mshale unaoonyesha kipimo. Nyingine mpya, ya namba, ila betri yake ilikuwa ikififia. Nyamvula, askari wa wanyamapori, alisubiri darubini ya bunduki yake ifungwe. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa kisimani, na wachota maji walikuwa wamekwama juu ya paa la kibanda cha pampu.

"Fundi, chagua basi!"

"Nikilegeza, darubini itacheza, utamkosa. Nikizidisha, skrubu itakatika. Unataka nikuue, mwanangu?"

Akazijaribu zote mbili kwenye skrubu chakavu. Hazikukubaliana. Jasho likamtiririka hadi kuku wakaja kunywa. Mwishowe akaiweka kando ile ya namba.

"Hii ya mshale nimezeeka nayo. Ikidanganya, mkono utaniambia."

Akazikaza skrubu za darubini. Nyamvula akatoka mbio. Fundi akabaki mlangoni, ametega sikio, mpaka mlio mmoja ukasikika.

"Akampata?" akanikatiza Bi Mashavu pale barazani.

"Risasi ilifika njia panda, ikakata kona..." nikamjibu.

"Ikakata kona! Muongo wewe!"

Baraza likaangua kicheko. Sheria yetu ni kwamba anayenaswa na uongo huwanywesha wote kahawa, basi nikalipa. Lakini Bi Mashavu hakukigusa kikombe chake.

"Sasa niambie kweli," akaninong'oneza. "Alimpata?"