Mstari wa Njano Mlangoni mwa Kliniki

Russell Nowak alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, na kila aliposema "mama yangu," Dolores aliinama kana kwamba anatafuta kitu sakafuni.

"Mnataka kuchora mstari wa njano mbele ya kliniki," Russell aliwaambia madiwani, "na yeyote atakayeuvuka kumsemesha mwanamke anayekwenda kutoa mimba, mumshitaki. Haya. Mama yangu alifika kwenye mlango huo huo, mimi nikiwa tumboni. Mwanamke mmoja akamshika mkono, akamsihi, naye akageuka akarudi nyumbani. Mstari wenu ungekuwepo siku ile, leo msingekuwa mnanisikiliza."

"Tungekuwa tushafika makwetu tunakula," mtu wa upande wa pili akadakia, na ukumbi ukacheka. Russell naye akacheka. Alikuwa na roho nzuri huyu kijana, hata wapinzani wake walimpenda.

Dolores hakucheka. Hadithi hiyo Russell aliipata kanisani akiwa mdogo, kwa Gert, mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Alirudi nyumbani mbio. "Mama, ni kweli nilikuwa nitolewe, ukageuka?" Dolores alilia tu, akamkumbatia, na mtoto akayachukua machozi yale kuwa ndilo jibu.

Hakuwahi kumlaumu. Tena alimpenda zaidi, na hapo ndipo palipomuuma Dolores, kusamehewa kila siku bila kuomba. Kila siku ya kuzaliwa ya Russell, kabla ya kukata keki, Dolores alikwenda makaburini peke yake. Russell alidhani anamzuru marehemu mumewe, Stan.

Madiwani walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Ilikuwa imebaki kura ya Bi Haverty, na Bi Haverty alikuwa anapangusa macho. Kila mtu aliona sheria ile inakufa.

"Mama Nowak yupo?" aliuliza. "Ningependa kumsikia yeye mwenyewe kabla sijapiga kura."

Gert, aliyeketi kando ya Dolores, alimshika goti. Nywele zake zilikuwa nyeupe sasa, lakini mkono ulikuwa bado na nguvu. "Waambie asante, basi, ukae. Ukianza kufukua ya zamani, mtoto utampoteza."

"Najua."

"Alipona, Dolores. Si ndicho tulichokuwa tunakitaka?"

Dolores aliinuka, akajikokota hadi mbele. Russell alimshushia kipaza sauti, akambusu shavuni.

"Usione haya, Mama," alimnong'oneza. "Niko duniani kwa sababu yako."

Nusura Dolores arudi kukaa. Alikuwa na mtoto huyu mmoja tu, na hakuna mwingine aliyempigia simu kila jioni kumuuliza kama amekula. Akawakazia macho madiwani, maana angemtazama Russell, maneno yasingetoka.

"Choreni mstari wenu," alisema.

Ukumbi ulinung'unika. Mwenyekiti akagonga meza.

"Mwanangu hajadanganya. Amewasimulia anavyojua, na aliyemwacha ajue hivyo ni mimi. Pale mlangoni tulikuwa wanawake wawili. Aliyegeuka aliitwa Joleen. Alikuwa binti mdogo, na alijaribu kunieleza kwamba daktari amemwonya, moyo wake hautahimili uzazi. Sikumwacha amalize. Mkono mmoja nilikuwa nimemshika yeye, na mkono wa pili nilikuwa nimeinua bango letu la kanisani: 'Wewe zaa tu, mimi nitamlea.'"