Bibi Yuko Laivu

Watu mia tisa! Kipriani hajawahi kupata hata hamsini akiwa laivu, na leo, kumekucha tu hapa Titye, watu mia tisa wanamtazama bibi yake akiomba. Leo ndio leo, anatoboa!

Bibi mwenyewe hajui. Amepiga magoti jikoni, ameupa mlango mgongo, nyayo zimepasuka hadi udongo mwekundu umejaa kwenye nyufa. Kipriani akasogeza simu karibu na nyayo zile. Mioyo ikamiminika kwenye skrini.

"Bibi wa moto!" wakaandika. "Kaka, usizime!"

Azime? Ana wazimu?

"Mana yanje, Mungu wangu," bibi akasema, "mwangalie jirani yangu, yule fundi cherehani. Jana alinililia hapa hapa. Hakuna anayejua ila mimi na wewe."

"Fundi gani huyo?" mtu akaandika.

"Titye yupo mmoja tu," mwingine akajibu.

Kipriani akabonyeza kuzima. Simu imeganda. Akabonyeza tena, kidole kimelowa jasho, na mioyo bado inapanda tu.

"Huyo mtoto aliye tumboni mwake, Mungu, baba yake..."

Chubwi! Akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya maharage yaliyolowekwa.

Bibi hakugeuka. "Nani hapo?"

"Mimi, bibi."

"Uko na nani?"

Kipriani akaiangalia ndoo. Mapovu yalikuwa yanapanda mdogo mdogo.

"Sasa hivi niko peke yangu."