Tarehe ya Cheo cha Kakakuona

Enzi wanyama walipokuwa na jeshi lao, Luteni Kakakuona, afisa mpole asiyependa makuu, aliandikiwa barua ya kupandishwa cheo kuwa kapteni. Lakini karani wao, Kindi, alikuwa na mazoea ya kufukia kila alichokishika, na barua ile akaifukia akaisahau. Ilipofukuliwa miaka miwili baadaye, aliijaza tarehe ya siku hiyo.

Kwa hiyo Kapteni Ngiri, aliyefunzwa kazi na Kakakuona mwenyewe lakini akapata ukapteni ndani ya miaka hiyo miwili, akahesabika mkubwa wake. Kila asubuhi mwalimu akawa anampigia saluti mwanafunzi, na moyo ulimuuma. Mwishowe akakata rufaa kwa Jenerali Nyati.

"Cheo si umeshapata, afande?" Kindi akadakia. "Unataka nini tena?"

"Nataka miaka yangu miwili," Kakakuona akajibu taratibu.

Jenerali akamgeukia Ngiri. "Tarehe ikirekebishwa, atakuwa juu yako. Una pingamizi?"

Kakakuona akakata tamaa, maana jeshini hakuna aliyemshinda Ngiri kwa majivuno.

"Sina, afande," Ngiri akasema. "Ni kweli mimi napenda kujisifu. Lakini kila ninachojisifia, amenifundisha yeye. Saluti zake zimekuwa zikinichoma, nami nikaona haya kusema."

Jenerali akaifuta tarehe ile, akaandika ya haki.

Kakakuona akajikunja kama mpira palepale. Wenzake wakadhani ameshikwa na hofu. Kumbe alikuwa analia, na hakutaka askari wayaone machozi ya kapteni wao.