Tairi Kuukuu

Asubuhi ile, mjini Nyamira, Ogoti aliifungia matairi makubwa Prado yake iliyokwisha kunyanyuliwa kwa springi ndefu, ili apenye matope ya Ekerenyo, kijijini kwa mama mkwe wake, na kumpeleka mama huyo kliniki.

Gari lilipanda hadi uani bila kuteleza. Lakini sakafu yake ilimfikia mama kiunoni, na maumivu ya magoti ndiyo yaliyokuwa yakimpeleka kliniki.

Nyumbani hapakuwa na mwingine. Na kwa Wakisii, mkwe hamshiki mama mkwe hata mkono.

Ogoti alishusha tairi moja kuukuu kutoka kwenye buti, akalilaza chini ya mlango wa gari, akageuka kutazama migomba.

Alisikia tairi likibonyea, kisha kiti kikilia.

"Ubarikiwe, mwanangu," mama alisema. "Sasa libebe. Huko kliniki pia kuna kushuka."