Maji Yaliyokataa Kutulia

Karatasi ya kupimia ukali wa maji iligeuka buluu tena badala ya kubaki nyekundu, na ilikuwa siku ya sita.

Emérence aliitoa kwenye sanduku la kioo, akaikung'uta. Samaki wake kumi na wawili walikuwa wamejibanza pembeni, wakihema. Aliwakamata mwenyewe huko Walikale, kwa kuziba kijito na kukikausha kwa vikapu kama wanawake wa msituni wafanyavyo. Maji ya kwao ni meusi kama chai, tena makali kama ndimu. Maji ya huku Masisi hayana ukali huo, nayo yanawachoma.

"Samaki wako ni watoto wa matajiri," alisema Papa Édouard, mwenye nyumba, mzee aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya kinini, dawa ya malaria. "Wanachagua maji."

"Maji yako njo iko na kiburi, Papa."

Mzee ndiye aliyewaagiza samaki hao, na Emérence alikuja nao kwa lori, akitarajia kukaa wiki moja. Kesho yake askari wawili wakapiga kambi langoni. Papa Édouard akamweleza kwa upole kwamba samaki ni wa mkubwa mmoja wa serikali, na kwamba askari hawatamwachia atoke mpaka karatasi ibaki nyekundu siku saba mfululizo. Sasa ulikuwa mwezi wa nne. Geneviève, binti wa Emérence, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na katika ukoo wao kitovu cha mtoto wa kwanza huzikwa na mama wa mzazi, kwa mkono wake mwenyewe. Asipokuwepo, mtoto huyo huitwa mgeni hadi uzeeni.

Kazi aliijua. Alikinga maji ya mvua, akaloweka humo majani makavu ya mpera na kipande cha mti wa msituni. Hakubadilisha maji yote kwa mara moja. Alitia kikombe asubuhi, kikombe jioni, maana samaki huuawa na haraka ya binadamu. Wala hakuitegemea mvua peke yake, kwa kuwa maji ya mvua hayana msimamo, yanafuata lolote linaloingia. Aliyashikiza kwa maji kidogo ya mlimani, ambayo askari waliyaleta kwa ndoo. Karatasi ikawa nyekundu. Siku ya tano, nyekundu. Siku ya sita, buluu. Akaanza upya. Alikwisha kuanza upya mara kumi na moja.

Papa Édouard hakumkaripia hata siku moja. Alimsogezea kiti, akamsimulia vituko vya wazungu wa maabara, akamwuliza msituni watu huimba nini wakati wa kutega. Kila asubuhi Straton, mkubwa wa wale askari, alikuja dirishani, akangoja mpaka mzee ainue mkono, akaandika kitu kwenye daftari, akarudi langoni. Emérence aliona jinsi mzee anavyoheshimiwa, na moyo ukazidi kumwishia.

Mchana ule alirudi kutoka uani na majani mapya, akamkuta Papa Édouard ameinama juu ya sanduku. Mkono wake ulikuwa umelowa hadi kiwikoni. Kwenye vidole kulikuwa na majivu ya jikoni, na hakuna mwanamke asiyejua kwamba majivu huua ukali wa maji.

Walitazamana.

"Ungekuwa umeenda," alisema mzee, akamsogezea kiti.

Emérence alifunga vitu vyake kwenye kitenge, akajitwika, akashuka kuelekea langoni. Heri risasi kuliko mjukuu kuitwa mgeni. Straton alikuwa anachoma mahindi. Alipomwona na mzigo kichwani aliinuka, bunduki begani. Emérence akafumba macho, akasikia gogo la lango likiondolewa.

"Miezi ine tunajiuliza kwa nini hautokake, Mama," alisema Straton. "Sisi tunachunga ule muzee tu, asikimbie."